Picha ya Milima ya Magaliesberg



Mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya picha. Mama yetu mmoja, mkaazi wa Muheza, amekulia machoni pa milima ya Usambara. Mtoto wa jicho alipoanza kumfunika, alituagiza jambo moja: tumpelekee picha ya mlima tunaouona sisi huku, kabla nuru haijapungua zaidi.

Tulipanda kilima cha Observatory mwezi wa Julai, saa sita mchana. Kimo chake ni mita 1,800 na ushei, na ukiwa juu yake, milima ya Magaliesberg huonekana kwa mbali, kiasi cha kilomita 50. Tukapiga picha kwa simu, tukaipeleka. Jibu likaja: "Wanangu, naona mapaa na weupe mtupu. Mlima uko wapi?"

Tuliona haya, kisha tukatafuta sababu. Siku za kipupwe hewa ya baridi hulala chini na hewa yenye joto huifunika kama kawa. Moshi wa makaa, vumbi na mioto ya majani makavu hukosa pa kutokea. Jua nalo, mchana wa Julai, hukaa upande wa kaskazini, na milima iko huko huko, kaskazini-magharibi. Tulikuwa tukilielekea jua, na moshi wote uking'aa mbele ya lenzi.

Wenyeji wa kilima hiki waliyajua hayo zamani. Hapa pana majengo ya kutazamia anga tangu mwaka 1903, na ni kwa kulinganisha picha za vioo ndipo Robert Innes alipoigundua, mwaka 1915, nyota ya Proxima Centauri, iliyo jirani kuliko zote na jua letu. Taa na moshi wa mji vilipozidi, kazi ya darubini ikahamishiwa Sutherland katika miaka ya 1970.

Disemba tukarudi, watu wanne pamoja (si pahala pa kwenda peke yako), asubuhi iliyofuata mvua ya radi. Mvua ilikwisha kuosha hewa, na jua la Disemba, ambalo huchomoza kusini kidogo ya mashariki, likawa nyuma ya mabega yetu. Atakaye kujaribu na aelekee kibla, kisha ageuke kushoto. Lakini asitarajie ukuta: kwa umbali ule, kimo cha milima machoni hakifikii upana wa mwezi mpevu. Simu haitoshi. Tuliazima kamera yenye lenzi ndefu, tukaiegemeza juu ya jiwe isitikisike, na milima ikatoka kama utepe wa buluu. Tungeichapa picha hapa, lakini mashine yetu ya kunakili ingeufanya utepe huo uchafu wa karatasi.

Msafiri mmoja akaichukua, imekuzwa, hadi Muheza. Tumeambiwa mama aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaufuata utepe kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na nyumba yao, iko upande huu wa mlima au ule?"