Nani Amzike Mgeni? Makaburi ya Misioni ya Bagamoyo na Swali kwa Waamini wa Utemini

Mwezi Machi 2025 Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Jimbo Katoliki la Bagamoyo na kumteua Mhashamu Stephano Musomba, OSA, kuwa Askofu wake wa kwanza. Pamoja na parokia na taasisi zake, Jimbo hilo changa limepokea amana nzito: makaburi ya misioni ya kale, yaliyo miongoni mwa makaburi ya kwanza ya Kikatoliki Tanzania Bara. Sisi wa Singida, ambao Jimbo letu liliundwa mwaka 1972 kutokana na maeneo ya Dodoma na Mbulu, tunapaswa kuyatazama makaburi hayo kwa makini. Historia yake inajibu swali ambalo kata za mjini kama Utemini haziwezi kulikwepa: mtu asiye na ardhi wala ukoo karibu naye, nani amzike, na wapi?

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka bara ikiwa na pembe za ndovu na watumwa. Mtumwa aliyeishiwa nguvu aliachwa njiani, na aliyekufa hakuwa na ndugu wa kumchimbia kaburi. Wamisionari waliwakomboa baadhi ya watu hao, wengi wao wakiwa watoto, na wale waliokua na kufunga ndoa wakajengewa kijiji cha Kikristo. Watu wa makabila mbalimbali, waliopokonywa majina na nasaba zao, wakaanza kuishi pamoja kama majirani.

Kifo hakikuwa mbali nao. Kipindupindu kiliikumba pwani mwaka 1869 na 1870, kimbunga cha Aprili 1872 kikabomoa majengo ya misioni, na malaria haikukoma kuwaandama wenyeji na wageni. Misalaba iliyopangwa kwa safu katika makaburi ya misioni inashuhudia jinsi mapadre, mabruda na masista wengi walivyofariki wakiwa vijana, baadhi yao baada ya muda mfupi tu tangu kushuka merikebuni. Mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani walijenga groto ya Bikira Maria katika eneo la misioni. Hadi leo mahujaji husali hapo.

Tukio moja la mwaka 1874 linasaidia kueleza jambo hili. Mwezi Februari, Chuma, Susi na wenzao waliufikisha Bagamoyo mwili wa David Livingstone, baada ya kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili huo ulipumzishwa misioni, ukavushwa bahari, na mwezi Aprili ukazikwa London katika Kanisa la Westminster. Mtu mashuhuri alisafirishwa hadi kwao. Lakini mtoto aliyetekwa angali mdogo, asiyejua hata kijiji alichozaliwa, angesafirishwa kwenda wapi? Kwake yeye hapakuwa na kwao pengine isipokuwa jumuiya iliyomkomboa. Kanisa lilipomzika kwa jina lake la ubatizo lilichukua nafasi ya ukoo aliopokonywa.

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma ya kimwili. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kinasimulia jinsi Abrahamu, akiwa mgeni katika nchi ya Kanaani, alivyotafuta mahali pa kumzika Sara. Wenyeji walikuwa tayari kumpa bure, lakini yeye alilipa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, kwa shamba lenye mipaka inayojulikana. Alitambua kwamba kaburi la mgeni lisilo na uthibitisho liko hatarini.

Hatari hiyo ipo kwetu pia. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wa Mkoa wa Singida wamezidi milioni 2, kutoka takriban milioni 1.37 mwaka 2012. Desturi ya kuzika nyumbani au shambani ni njema pale ardhi inapobaki mikononi mwa ukoo. Mjini, viwanja hugawanywa na kuuzwa, watoto huhama, na mnunuzi hukuta kaburi la mtu asiyemjua mahali anapotaka kuchimba msingi. Tena mjini wapo wapangaji wengi: mtumishi aliyehamishwa kikazi, mama lishe, kijana wa bodaboda. Mmoja wao anapofariki, swali la kwanza ni anasafirishwa kwenda wapi, na mchango wa jirani mara nyingi hautoshi hata nauli ya mwili.

Sheria ya Kanisa haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Kanuni ya 1240 inataka Kanisa liwe na makaburi yake pale inapowezekana, au walau sehemu iliyotengwa na kubarikiwa katika makaburi ya umma. Yote mawili yakishindikana, kila kaburi libarikiwe. Kanuni ya 1241 inaruhusu parokia kuwa na makaburi yake, na ya 1182 inaagiza maziko yaandikwe katika kitabu cha marehemu. Serikali nayo, kwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inaweza kuhamisha kaburi ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na kugharimia kulihamisha, kuzika upya na ibada zinazohusika. Lakini atakayejitokeza kumsemea marehemu asiye na jina kitabuni ni nani?

Wapo watakaosema kwamba ardhi ya mjini ni ghali, na kwamba afadhali ijengwe shule au zahanati. Hoja hiyo ina uzito, na Kanisa halidai kila parokia inunue shamba la makaburi. Hata sehemu ndogo katika makaburi ya umma, iliyoombwa kwa halmashauri mapema na kubarikiwa, yatosha. Jambo lisilogharimu fedha nyingi, nalo ndilo tunalolipuuza zaidi, ni kumbukumbu: mipaka iliyopimwa, hati iliyo mikononi mwa wadhamini, na kitabu cha marehemu kinachoandikwa siku ileile ya maziko.

Kwa hiyo tunazihimiza Jumuiya Ndogondogo za Kikristo za Utemini na mitaa jirani zisisubiri msiba ili kuanza kuulizana. Kila jumuiya iwatambue wapangaji na wakiwa walio kati yake, iyajue makaburi ya waamini yaliyo katika eneo lake, na ipeleke majina ya marehemu kwa paroko. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, Kanisa hutoa rehema kamili, kwa masharti ya kawaida, kwa ajili ya marehemu, kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea. Siku hizo zinafaa kwa sala, na zinafaa pia kwa jembe, fyekeo na daftari. Tukifika kwenye kaburi lisilo na mtu wa kulitunza, tulisafishe na kumwombea aliyelala humo kama ndugu yetu, kwa maana kwa ubatizo ndivyo alivyo.