Mtoto Huyu Anasoma au Anakumbuka?

Kila mwanachuo aliyekwenda mazoezi ya kufundisha amekwisha kuisikia sauti ile: darasa la kwanza zima likiimba "ba, be, bi, bo, bu", na mwalimu akiufuata mstari ubaoni kwa fimbo. Mgeni apitaye nje huridhika. Nami nilikuwa nikiridhika, hata siku moja nilipoigusa silabi ya nne kwanza, kisha ya pili. Wimbo ulikatika. Watoto walikuwa wameukariri mfululizo tu.

Kiswahili kimetupa bahati ambayo mwalimu wa Kiingereza hana. Irabu zetu ni tano, na kila moja hutamkwa vile vile popote iandikwapo. Lakini bahati hiyo hutulevya, tukapapita mbio mahali penye ugumu: ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, au m ya mbu, iliyo silabi peke yake, na ile ya mbuzi, isiyo hivyo. Hapo hapana budi kutumia kipindi kizima.

Katika kupima, nawasihi msiutumie ukurasa uliokwisha kusomwa darasani. Andikeni maneno yasiyo na maana, mathalani zoku, fepo, gulimo. Huko Uingereza, tangu mwaka 2012, watoto wa miaka mitano au sita husomeshwa maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni, yakiwekewa picha ya kiumbe cha ajabu ili mtoto asidhani ni neno la kweli. Wako walimu waliolipinga jambo hilo, wakisema kusoma ni kutafuta maana. Wana haki, kwa hiyo baada ya maneno hayo mpeni mtoto sentensi moja fupi, mumwulize inasema nini. Lakini neno la kubuni halikaririki, na hiyo ndiyo faida yake.

Tahadhari moja: mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi r na l akisoma "kula" palipoandikwa "kura", msimhesabie kosa la kusoma. Hilo ni la matamshi, nalo lina wakati wake.

Mtaniambia darasa lina watoto 60. Waiteni watano kila siku mwishoni mwa kipindi. Kwa siku 12 mtakuwa mmewamaliza. Na katika daftari, badala ya alama ya vema au kosa, andikeni ile sauti iliyomshinda kila mmoja, maana ndiyo mtakayoanza nayo kesho asubuhi.