Mazungumzo Yanayostahili Kutangulia Barua

Mtumishi wa zahanati anayetamani kujiendeleza aghalabu huanza kwa kuomba chuo. Akishapata nafasi ndipo humwendea mganga mfawidhi, barua mkononi, muhula ukiwa umebakiza wiki mbili. Mfawidhi hutazama orodha ya zamu, akaona majina matatu, akamwambia asubiri kwanza. Mmoja huondoka akiamini ameonewa wivu, mwingine hubaki akiamini ametelekezwa. Mtindo huu umezoeleka vijijini, na katika miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Olmotonyi kwenda juu, madhara yake humwangukia mama mjamzito anayekuta mlango wa kliniki umefungwa, akalazimika kuteremka hadi Ngaramtoni.

Mgonjwa anayesoma makala haya asidhani kwamba haya ni mambo ya ofisini yasiyomhusu. Kwa miongo mingi nchi yetu ilikuwa na ngazi ambayo mtumishi wa chini aliweza kuipanda: tabibu aliyefanya kazi vijijini kwa miaka kadhaa alirudi darasani, akatoka akiwa daktari msaidizi mwenye ujuzi wa upasuaji wa uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba matokeo ya upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi hayakutofautiana kwa kiasi kikubwa na ya madaktari wenye shahada. Kina mama wengi waliokolewa na mikono ya watu ambao zamani mtu fulani aliwaruhusu waende kusoma.

Mafunzo ya daktari msaidizi baadaye yalisitishwa. Leo tabibu mwenye stashahada anayetaka kusonga mbele katika udaktari anatazama shahada ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Jambo la ukubwa huo haliwezi kuamuliwa kwa barua ya ghafla. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi ambalo halimo katika mpango wa mafunzo humkuta Mkurugenzi akiwa hana fedha wala mtu wa kuziba pengo, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Fursa rasmi ya mazungumzo haya haikukosekana. Tangu mwaka 2004 utumishi wa umma ulikuwa na Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, MWAMTUKA, uliomtaka msimamizi na msimamiwa wakae, wakubaliane malengo, wapitie nusu mwaka, kisha watathmini. Vituoni, kwa maoni yangu, ulifanywa kuwa fomu ya kujazwa haraka mwezi Juni na kutiwa saini bila kusomwa. Sasa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS umeshika nafasi yake. Kompyuta haiwezi kuwafanya watu wawili wazungumze wasipotaka.

Aseme nini basi mtumishi? Aombe nusu saa siku ambayo si ya kliniki, aketi, aseme kwa adabu na kwa uwazi: “Dokta, nakusudia kuomba shahada ya uuguzi mwaka kesho kutwa. Ni nani anayeweza kushika kliniki ya wajawazito, na nimfundishe nini kabla sijaondoka?” Swali hilo la pili ndilo linalobadili uso wa mfawidhi. Kule Olmotonyi, ambako misitu imefundishwa chuoni tangu mwaka 1937, kila mkulima wa miti anajua kwamba kitalu hutangulia shoka.

Aulize pia lile ambalo wengi hulisahau: atakaporudi na cheti kipya, je, ikama ya halmashauri ina nafasi ya kada hiyo? Shahada peke yake haimbadilishii mtu muundo wa utumishi. Wapo wanaorudi wakaendelea na mshahara wa zamani, wakalaumu kila mtu. Na anayeondoka bila ruhusa ajue kuwa huo ni utoro kazini, na waweza kumpotezea ajira.

Lakini mzigo mkubwa zaidi nauweka kwa mfawidhi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kwa muda upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi, na waliosubiri wakati ule hawajasahau; imani yao kwa maneno ya wakubwa ni ndogo. Barua inayolazwa kwenye droo, au ruhusa inayotolewa kwa jamaa wa karibu, huimaliza kabisa. Asiyeweza kutoa ruhusa aseme hivyo, aandike sababu, ataje mwaka ambao zamu ya mtumishi huyo itafika, kisha aipeleke barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri badala ya kuizuia. Akatae mapema, ikibidi, ili mwenzake apange maisha yake.

Wananchi nao wana wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa zahanati. Kikao kinapojadili dawa zilizoisha na paa linalovuja, wamuulize mfawidhi ni nani anayekwenda kusoma mwaka huu, na ni nani atakayezalisha usiku akiwa hayupo.