MAMBO YA NYUMBANI: MMEA UKUNJAO MAJANI JUA LICHWAPO

Mwezi huu twaanza na barua. Imetufikia kutoka kwa mama mmoja wa Tanga, naye ameomba asitajwe jina. Kwa hiyo tutaieleza kwa maneno yetu.

Mama huyu ana kijana wa miaka 14. Kijana alikusanya vijisenti vyake, akanunua mmea katika chungu kidogo, una majani ya kijani yenye mishipa myekundu, akauweka ukumbini. Kila jua lilipokuchwa majani yale yalijiinua, yakakaribiana kama viganja viwili. Asubuhi yakashuka na kutandaa tena. Kijana alifurahi mno, hata akawaita wenziwe waje watazame. Babu yake akauliza mmea huo waitwaje. Akajibiwa kuwa Wazungu huuita mmea wa sala. Mzee akaghadhibika, akasema kuwa nyumbani mwake hakitawekwa kitu kinachodaiwa kuwa chasali, na akaamuru utolewe. Ukatolewa, ukawekwa uani penye jua kali, na kwa muda wa siku tatu majani yakababuka.

Mama asema kuwa si mmea uliomhuzunisha. Lililomhuzunisha ni kuwa yule kijana, ambaye tangu utoto wake alikuwa akimshika babu yake mkono wakenda pamoja msikitini alfajiri, sasa aamshwapo hujifanya amelala. Atuuliza mambo mawili: Je, mmea huu wafaa kuwekwa katika nyumba ya Mwislamu? Na je, waweza kupona?

Tuujue kwanza mmea wenyewe, maana kuhukumu kitu kisichojulikana ni kupiga mshale gizani. Jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea ni Maranta leuconeura. Jina hilo la Maranta limetokana na Bartolomeo Maranta, tabibu na mjuzi wa mimea wa Italia aliyeishi katika karne ya 16. Asili yake ni misitu ya Brazili, na huko hukua chini kabisa, kivulini mwa miti mikubwa, penye unyevu mwingi na jua lililochujwa na matawi. Una ndugu yake aitwaye Maranta arundinacea, ambaye mizizi yake hutwangwa ikatoa unga mweupe laini wa kupikia uji wa wagonjwa na watoto.

Ama hilo jina la sala, halikutoka kwa mmea, lilitoka kwa watu. Waliouona majani yake yakikutana usiku walikumbuka namna Wakristo wanavyokutanisha viganja waombapo, wakauita hivyo kwa mfano tu. Nasi twafanya vivyo hivyo kila siku. Tuna mmea tuuitao kifauongo, kwa kuwa ukiguswa hujikunja kama kitu kilichokufa. Walakin hakuna mtu aliyesema kuwa mmea huo ni mwongo! Na wazee wetu wajua kuwa mkwaju nao hukunja majani yake usiku. Basi ukunjaji huu si jambo geni kwetu. Lililo geni ni jina.

Majani haya hujiinuaje? Mahali jani linapoungana na kikonyo chake pana kiungo kidogo kilichovimba. Ndani yake mna chembe hai zinazojaa maji na kupungukiwa na maji. Chumvi ya potasiamu ikihama kutoka upande mmoja wa kiungo kwenda upande wa pili, maji nayo huifuata. Upande mmoja hufura, mwingine hunywea, na jani likainuka. Asubuhi mambo hugeuka, na jani likashuka. 

Wala si mwanga peke yake uliamrishao jani. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alieleza habari za mmea wa jamii ya kifauongo uliofungiwa gizani: ingawa haukuliona jua, majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kufumba usiku. Yaonyesha kuwa ndani ya viumbe mna saa. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza namna saa hiyo ifanyavyo kazi katika nzi wadogo wa matunda. Sisi nasi tunayo, ndiyo ituleteayo usingizi usiku.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Wako wanaosema, "Mmea huu wasali kwa kuwa tumeuona ukiinua majani," wakautazamia baraka. Na wako wanaosema, "Mmea huu ni wa ibada ya wengine," wakauogopa. Wote wawili wamelifuata jina wakaliacha jambo lenyewe. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul-Israa, aya ya 44, kuwa hakuna kitu chochote ila chamtukuza, lakini sisi hatufahamu utukuzaji wake. Na katika Suratur-Rahman, aya ya 6, kuwa mimea na miti yamsujudia. Hayo twayaamini kwa kuwa Yeye ametuambia, si kwa kuwa tumeona jani likiinuka. Muhogo ulioko shambani, usiokunja kitu, nao umo katika hukumu hiyo hiyo. Hata jiwe la kizingiti limo. Basi maranta hauna daraja iliyozidi mchicha, wala hauna dhambi iliyozidi mchicha. Kuuweka nyumbani ni jambo la halali kama kuweka mrihani au asumini, maadamu hakuna autakaye baraka wala kinga. Na asije mtu akaufanya muadhini akangojea majani yainuke ndipo afuturu. Taa ya umeme hutosha kuuchelewesha, na nyakati za sala zina alama zake.

Swali la pili ni la kupona. Jani lililobabuka halirudi kuwa kijani. Likatwe kwa mkasi safi. Lakini mizizi ikiwa bado migumu na myeupe, mmea u hai. Uondolewe juani, utunzwe kama tutakavyoeleza, na baada ya wiki chache utatoa jani jipya, nalo hutoka limeviringwa kama msala uliokunjwa, kisha likajifungua pole pole.

Kwanza, mwanga. Mmea huu wataka mwanga mwingi usio wa jua lenyewe. Uwekwe hatua moja au mbili kutoka dirishani, au nyuma ya pazia jepesi. Jua la adhuhuri huunguza majani na kufifiliza rangi zake. Na giza la pembeni huudhoofisha vile vile.

Pili, udongo. Changanya udongo mwepesi wa bustani na mboji, utie usumba wa nazi au mchanga kidogo ili maji yapite. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Ukiweka sahani chini yake, mwaga maji yanayosimama humo.

Tatu, maji, na hapa ndipo wengi huharibu. Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuuua mmea wake wa kwanza kwa mapenzi. Alikuwa akiumwagilia kila atawadhapo, mara tano kwa siku, akidhani afanya hisani. Mizizi ikaoza, na alipoung'oa ulinuka kama kinamasi. Chomeka kidole mpaka pingili ya kwanza: udongo wa juu ukiwa umekauka, mwagilia, ukiwa na unyevu, ngoja. Na kwa kuwa tumetaja udhu, yafaa tukumbushe kuwa, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa sana pwani yetu, maji yaliyokwisha tumika katika udhu ni tohara ingawa hayatawadhiwi tena. Basi yakikingwa katika bakuli, bila ya sabuni, yafaa sana kunyweshea mimea. Na mama wa nyumbani atakuwa ameokoa maji.

Nne, aina ya maji. Ncha za majani zikigeuka hudhurungi huku udongo una unyevu, aghalabu sababu ni hewa kavu au dawa na chumvi zilizomo majini. Maji ya bomba yenye klorini yaache usiku kucha katika ndoo wazi kabla ya kuyatumia. Lakini floraidi haiondoki kwa kuachwa, wala kwa kuchemshwa. Wasomaji wetu wa sehemu za Arusha na Nakuru waijua, ndiyo igeuzayo meno ya watoto kuwa ya hudhurungi. Na maranta huathiriwa nayo pia. Huko bora kutumia maji ya mvua.

Tano, hewa. Joto liufaalo ni baina ya digrii 18 na 27 za Selsiasi. Likishuka chini ya 15 mmea hutaabika. Pwani hauna shida, ila usiuweke mbele ya mashine ya kupoza hewa. Wenzetu wa Nairobi wauondoe karibu na dirisha lililo wazi katika usiku wa Juni na Julai. Na wale waliohamia Maskati na Dubai, ambako mashine hizo hukausha hewa ya vyumba, waweke chungu juu ya sinia yenye kokoto na maji kidogo, lakini tako la chungu lisiguse maji.

Sita, mbolea na wadudu. Mbolea ya maji itiwe mara moja kwa mwezi, nusu ya kiasi kilichoandikwa, maana ikizidi huunguza mizizi. Ukiona nyuzi nyembamba chini ya majani, huo ni utitiri. Uoshe kwa maji na sabuni hafifu, kisha usuuze. Na wenye paka wasihofu: paka akitafuna majani haya hayana sumu ya kumdhuru.

Mwisho, kuzidisha. Kata shina chini kidogo ya kifundo, litie katika bilauri ya maji, na badili maji kila baada ya siku chache. Mizizi ikifika urefu wa pingili moja ya kidole, panda udongoni.

Sasa turudi kwa watu, kwani chungu cha maua chaweza kununuliwa kingine, lakini babu hanunuliwi.

Ewe kijana wetu, uliingiza kitu katika nyumba ya mzee wako kabla ya kumwomba ruhusa. Aliyokasirikia si wewe, ni jina, na aliikasirikia kwa kuilinda imani ambayo yeye ndiye aliyekufundisha. Usimwendee na hoja mkononi kama mshindi. Mwendee alfajiri, umshike mkono kama zamani, muende. Hayo mengine yatasemwa njiani, au hayatasemwa.

Nawe mzee wetu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa wivu wako juu ya tauhidi. Twakukumbusha jambo ulijualo kutushinda. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas, mdogo wake aitwaye Abu Umayr alikuwa na kijidege akichezea, kikafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na mizigo yote aliyoibeba, alimwuliza mtoto yule habari za kijidege chake. Hakuona kuwa huzuni ya mtoto ni kitu kidogo. Kijana wako naye alikuwa na kitu akipendacho, na kimeungua. Hatukuambii ukirudishe, twakuomba umwulize habari zake.

Nawe mama, usisimame upande wa mmoja. Msomee mzee ukurasa huu baada ya Isha, akiwa ametulia, na yeye ndiye aamue. Akikubali, mmea uwekwe pale atakapochagua mwenyewe. Akikataa, nyumba ni yake, na maranta waweza kuishi dirishani kwa shangazi au kwa jirani; kijana atakwenda kuutazama huko. Illa kabla ya kuutoa, kata tawi moja ulitie majini. Yamkini siku moja mzee akauliza ile bilauri ina nini, na awe ni kijana atakayemjibu.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo za watu wa nyumba zetu. Tuandikieni, mama, mtujulishe yaliyotokea. Wabillahi tawfiki.