Mwanamke Haishii Miaka 49

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu swali moja: katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, dodoso la wanawake linakomea umri gani? Wengine hukisia 70, wengine 90. Jibu ni 49. Linaanzia miaka 15, na baada ya 49 hapana swali.

Watakwimu watanijibu kwamba utafiti huo ulibuniwa kupima uzazi. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba hata zahanati zetu tumezipanga kwa kipimo hichohicho. Mwanamke alipokuwa mjamzito tulimpa kadi, tukampangia tarehe, tukampima uzito na presha. Alipokoma hedhi, kadi ikaisha. Alichobakiziwa ni nasaha: "Bibi, fanya mazoezi."

Nasaha hiyo si ya uongo. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi. Misuli nayo husinyaa kadiri umri unavyosonga. Anguko dogo bafuni laweza kuvunja nyonga na kumfunga mtu kitandani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, waimarishe misuli siku 2 au zaidi, na wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuulinda mwili usiyumbe siku 3 au zaidi. Je, ni nani amemfundisha bibi yako hayo?

Wako wasemao kwamba bibi wa kijijini hana haja ya mazoezi, kwani analima na kuchota maji. Hoja hii nimeisikia hata miongoni mwa wasomi, nayo ni hoja ya kivivu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, na goti linalouma halipewi siku ya kupona. Zoezi humjenga mtu kwa sababu lina kipimo, lina pumziko, na lina chakula nyuma yake. Anayekula ugali na mchicha ili wajukuu wapate dagaa hajengi msuli, anaumaliza.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2003 tulipata Sera ya Taifa ya Wazee. Mwaka 2016 tukaagizwa kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Hospitalini tumewekewa dirisha la wazee. Ni mema hayo, lakini dirisha humngoja aliyekwisha kuugua, na Jumamosi moja kwa mwezi haifikii siku 3 kwa wiki hata kwa hesabu za darasa la pili.

Ninachodai ni hiki: siku moja kwa wiki, katika zahanati ileile na kwenye benchi lilelile la kliniki ya mama na mtoto, iwe siku ya bibi. Apimwe presha na sukari, aandikiwe katika kadi yake. Kisha afundishwe kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, na kusimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta, ili akayaendeleze nyumbani. Hapa hapahitajiki mashine. Panahitajika mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa, na mstari mmoja katika bajeti ya halmashauri.

Najua jibu litakalokuja: fedha ni chache, watoto kwanza. Watoto hao wanalelewa na nani mama zao wanapokwenda sokoni na shambani? Bibi akianguka, binti hufunga genge ili amuuguze, na mjukuu wa kike huondolewa shuleni asaidie kumgeuza kitandani. Gharama hiyo tunailipa tayari, ila haiandikwi katika kitabu chochote cha serikali.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, fungua makadirio ya halmashauri yako umtafute bibi humo. Mwanafunzi, andika dodoso lisilokomea 49. Mwanamke aliyetuzaa hakukubaliana na yeyote kwamba afya yake iishe pamoja na uzazi wake.