Kuku amekufa usiku: soma alama mbele ya kutaja jina



Asubuhi unafungua nyumba ya kuku, unakuta manyoya na damu. Kuku wawili hawako. Jua halijapanda vizuri, na jina la mtu limekwisha kutajwa katika lupango: «Ni ule kijana wa jirani njo aliiba!» Wengine wanafika mpaka kwa neno la uchawi. Kuku amekufa, na urafiki wa miaka mingi unakufa pamoja naye.

Mwezi huu tuchukue mfano wa Lubunga. Ninyi wa kambi na wa machimbo mtauliza: Lubunga inatuhusu nini? Katika mji wa Kisangani, ni komini moja tu iliyo upande wa kushoto wa mto Kongo, na reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, inaanzia kule. Mto iko karibu, mashamba iko karibu, pori si mbali. Adui wa kuku wanatoka pande zote. Anayejua kulinda kuku mahali kama pale, atajua kuwalinda popote.

Kila adui anaacha alama yake. Tazama vizuri.

Mwewe anakuja mchana. Kifaranga anapotea katikati ya kiwanja, mama yake anapiga kelele, damu hakuna. Kama amekamata kuku mkubwa, utakuta manyoya mengi yamenyofolewa mahali pamoja.

Kanu, ule mnyama wa madoadoa mwenye mkia mrefu, anakuja usiku. Anapanda sana, anapita kwa tundu dogo. Anauma shingo na kichwa, na anaweza kuua wengi kwa usiku mmoja.

Nguchiro anatembea mchana, anapenda mayai na vifaranga. Kenge anatoka upande wa maji, naye ni mwizi wa mayai. Mkia wake unaacha mstari katika mchanga.

Nyoka anameza. Mayai yamepotea na hakuna ganda hata moja? Kifaranga amekufa, kichwa kimelowa mate? Fikiri nyoka, na usitie mkono katika kiota gizani. Washa taa kwanza. Yai moja si bei ya uhai wako.

Panya anauma vifaranga na kuwavuta katika shimo. Mbwa anavunja mlango, anaua, pengine hata hali. Maiti zinabaki ovyo.

Siafu njo wabaya kabisa, sababu kuku aliyefungwa hawezi kukimbia. Wanakula nyama, wanaacha mifupa na manyoya. Ukisikia kuku wanalia na kupiga mabawa usiku, fungua mlango upesi, uwatoe, umwange majivu ya moto juu ya mstari wa siafu. Halafu tazama kitanda cha mtoto pia.

Na mwizi wa miguu miwili? Damu hakuna, manyoya hakuna, kuku wote wamekwenda, kufuli limevunjwa. Hapo unaweza kufikiri mtu. Lakini hata hapo, kufikiri si kujua.

Jambo moja tena. Kuku amekufa, ameliwa, lakini mahali alipoumwa hapakutoka damu: pengine ugonjwa ulimwua kwanza, na panya alikuja nyuma. Kama wengine wamelala, wanahara majani-majani na kupinda shingo, usitafute mnyama. Watenge wale wazima, uite munganga wa nyama. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima, na dawa yake ni chanjo mbele ya kuugua.

Sasa, namna ya kuzuia. Inua nyumba ya kuku juu ya miguu ya mti, karibu metre moja. Kila mguu uuzungushie lata laini, panya na kanu wateleze. Chini yake weka kopo lenye mafuta ya zamani ya motari, siafu wasipande. Madirisha yafunge kwa waya wa matundu madogo: kama kidole chako kinapita, nyoka mdogo atapita pia. Kama nyumba inakaa chini, zika waya ndani ya udongo, sentimetre 30. Fyeka majani pande zote, kata tawi linaloinama juu ya paa. Okota mayai asubuhi na jioni. Vifaranga wa majuma ya kwanza wakae chini ya kitunga mchana. Na kila jioni, mbele ya giza, hesabu kuku, kiisha funga.

Sumu hapana! Mbwa wa jirani atakula, kuku atadonoa panya aliyekufa, mtoto atashika. Ulitaka kuokoa kuku, umeingiza msiba.

Afazali mwite ule jirani, mzunguke pamoja kutafuta tundu. Kanu aliyekula kwako leo, kesho atakula kwake. Wawili wakifyeka majani pande zote mbili za ukuta, nyama hana pa kujificha. Kuku huyu ni minerval ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni chakula cha mgeni. Lakini kuku ananunuliwa sokoni. Jirani haumpati pale.