Acheni fowili ifanye kazi kutwa

NJIA YA VUMBI
Na Rajabu Mkwizu

Karibu kila dereva wa gari la kazi nchini amewahi kupewa amri hii, na bosi, na fundi, au na dereva aliyemkabidhi ufunguo: fowili usiiache muda mrefu, utaua difu. Amri imerithishwa tangu enzi za Land Rover za wakoloni mpaka leo, na watu wanaitii bila kuuliza ilitoka wapi. Mimi naipinga. Naamini imeangusha magari mengi mtaroni kuliko difu ilizowahi kuokoa.

Tuanze na chuma chenyewe. Land Cruiser za familia ya 70, zile zenye bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka watu wakaziita mkonga, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1984 na hadi leo ndizo zinazobeba wagonjwa, askari, watalii na maofisa wa halmashauri. Ukiweka fowili, yaani 4H, transfa inaziunganisha propela ya mbele na ya nyuma ili zizunguke mwendo mmoja. Katikati yao hakuna difu ya kuzipatanisha. Gari likienda moja kwa moja hilo halina shida kubwa. Shida ni kona, maana matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Chukua gari ambalo eksele zake zimeachana karibu mita 3, uligeuze nusu duara huku eksele ya nyuma ikizunguka kwa nusu kipenyo cha mita 6. Eksele ya nyuma itatembea karibu mita 19, ya mbele karibu 21. Propela zimefungwa pamoja, lakini eksele moja inadai izidi nyingine kwa mita 2.

Kwenye tope, mchanga au changarawe, tairi linateleza kidogo na madai hayo yanaisha bila dereva kujua. Kwenye lami kavu mpira unang'ang'ania, kwa hiyo kinachojisokota ni chuma: propela, spaida, shafti za mbele, meno ya transfa. Usukani unakuwa mzito, matairi yanalia kwenye kona, gari linakataa kuserereka hata ukiachia mafuta, na ukitaka kurudi magurudumu mawili, yaani 2H, mkono wa transfa unagoma. Dereva anayeujua mtego huu harushi teke. Anarudisha gari nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, chuma kinajifungua, mkono unatoka wenyewe.

Katika maelezo yote hayo saa haikutajwa mahali popote. Aliyeweka fowili asubuhi na kutembea kutwa nzima kwenye udongo uliolowa hajaumiza kitu. Aliyeisahau akaingia nayo mjini, akazunguka mizunguko ya lami mpaka sokoni na kurudi, ameumiza, hata kama alitumia dakika 20. Na kuna jambo la matairi ambalo wasimamizi wengi wa magari hawalipi uzito: ukifunga mapya mbele na kuacha yaliyolika nyuma, mizingo yao haiwi sawa tena. Tofauti ya asilimia 1 tu inakusanya mita 10 katika kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka. Gari la fowili linataka matairi manne ya saizi moja yaliyolika kwa kiwango kimoja. Asiyeweza kununua manne kwa mpigo ayabadilishane mbele na nyuma mapema, kabla tofauti haijawa kubwa.

Mahali pazuri pa kuliona somo hili ni barabara ya kwenda Serengeti. Lami inatoka Makuyuni, inapita Mto wa Mbu na Karatu, inaishia lango la Loduare. Hapo barabara inaanza kupanda ndani ya msitu kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukungu mzito na udongo mwekundu ambao ukilowa hauna huruma. Ukishapita ukingo unateremka kwenye nyanda kavu, changarawe yenye mawimbi mpaka lango la Naabi. Dereva anayejua kazi yake anafunga habu za mbele pale Loduare wakati mgeni anashughulikia vibali, anaingiza 4H, na haitoi tena. Anapandia nayo, anapita nayo vumbi la nyanda, analala nayo Seronera. Ataitoa siku atakaporudi kwenye lami ileile. Kama kuna kipande kigumu na kikavu chenye kona kali, anaweza kurudi 2H kwa muda, habu zikiwa zimefungwa hivyohivyo.

Dereva aliyelelewa na amri yetu anapanda na magurudumu mawili ya nyuma mpaka anaserereka. Ndipo anasimama, yupo kwenye kona, lori linakuja, anashuka na viatu kwenye tope kufunga habu kwa mkono. Fowili ameiweka baada ya kukwama, wakati kazi yake ya kwanza ni kumzuia asikwame. Tairi linalozungukia mahali pamoja linachimba, na likishachimba mpaka eksele inakalia udongo, hata magurudumu yote manne yakisukuma hayatoshi. Sasa ondoa watalii humo ndani, weka mama aliyeshikwa uchungu anayetolewa zahanati ya kijijini wakati wa masika. Hapo amri ya kulinda difu naiona ni ukatili, hata kama aliyeitoa hakukusudia.

Changarawe nayo inastahili neno. Wengi wanaamini barabara kavu ya vumbi haihitaji fowili kwa kuwa hakuna tope. Lakini changarawe ni punje zinazobiringika chini ya tairi. Gari linalosukumwa kwa nyuma peke yake likikaza mwendo kwenye kona linataka kutupa mkia nje, na magurudumu yake ya nyuma yanarukaruka kwenye mawimbi na kuyachimba zaidi. Nguvu ikigawanywa kwa manne, kila tairi linadai kidogo, gari linatulia, na barabara yenyewe inapona kidogo. Kwa msimamo wangu, lami ikikatika na safari ni ndefu, 4H iingie.

Sisemi haina gharama. Propela na difu ya mbele zikizunguka zinakula mafuta kidogo zaidi na zinapasha joto oili yake, kwa hiyo gari linalotembea fowili sana lipate ukaguzi wa oili ya difu zote mbili na transfa mara nyingi zaidi, hasa baada ya kuvuka maji. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye mto baridi inavuta hewa ndani, na kipumulio chake kikiwa kibovu inavuta maji. Fungua nati, oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe siku hiyohiyo. Difu nyingi zinazosemwa zimeuawa na fowili, ukichunguza utakuta zilikunywa maji na hakuna aliyezitazama.

Upande wa pili, kutoitumia nako kunaua. Vitabu vya magari mengi ya Toyota ya aina hii vinaagiza fowili itembezwe angalau kilomita 16 kila mwezi, ili sehemu za mbele zipate oili. Gari linalokaa 2H mwaka mzima habu zake zinashika kutu na mkono wa transfa unakuwa mgumu, halafu siku ya mafuriko ndipo dereva anagundua kwamba nusu ya gari haipo. Tembeza hizo kilomita kwenye barabara ya vumbi au udongo mlegevu, si kwenye lami.

Nionye hapo hapo: fowili inasaidia kwenda, haisaidii kusimama. Breki zilikuwa kwenye magurudumu yote manne tangu mwanzo. Anayepata ujasiri wa kukimbia 100 kwenye vumbi kwa sababu ameweka 4H anajidanganya. Safari Rally ya Kenya inatukumbusha kwamba mwendo kwenye vumbi hauletwi na fowili peke yake: Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986, wakati fowili za Audi zilikwisha kutikisa mashindano ya Ulaya. Gari la fowili lilishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1987, Hannu Mikkola akiwa usukanini.

Si magari yote yanafuata kanuni ya mkonga, na hapa ndipo maelekezo ya jumla yanapoharibu. Land Rover Defender ya zamani na Prado nyingi zina difu ya katikati, fowili yao ni ya kudumu na lami haizidhuru. Kinachotakiwa kutolewa kwenye lami ni loki ya hiyo difu. RAV4 za matoleo ya baadaye na nyingine nyingi ndogo za mjini zinatumia klachi inayoshika eksele ya nyuma yenyewe inapohitajika. Hizo ndizo zenye sababu ya kuogopa muda: zikisukuma mchanga mzito mfululizo klachi inapata moto na kujikata, na dawa ni kusimama ipoe. Dereva anayehamishwa kutoka gari moja kwenda lingine aambiwe ni aina gani kabla hajapewa ufunguo.

Ninachodai kwa maofisa usafirishaji wa halmashauri, mashirika na kampuni za utalii ni kifupi. Futeni ile kauli ya "fowili kwa dharura tu" kwenye maelekezo yenu. Kwenye magari ya aina ya mkonga wekeni mbele ya dereva kibandiko chenye maneno mawili: UDONGO 4H, LAMI 2H. Natamani pia VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viwe na siku nzima ya tope halisi kwa kila dereva anayeandaliwa kwenda vijijini. Na katika fomu ya ukaguzi wa kila mwezi, pale panapojazwa oili ya injini na upepo wa matairi, ongezeni mstari mmoja: fowili imetembea kilomita ngapi. Ikijazwa sifuri, gari hilo lisipangiwe safari ya kijijini mpaka habu zifungwe na lijaribiwe kwenye udongo, fundi akiwepo.